Wazee wanaokatika pumzi usingizini: tunamuuliza nani?

MuuguziWete

Assalam aleykum wanajamvi.

Nafungua uzi huu kwa ajili ya wazee wetu, kuanzia miaka 60 kwenda mbele, na jambo ambalo kwenye kliniki tunalipita sana: pumzi inayokatika usingizini. Wataalamu wanaiita apnia ya usingizi. Mie ni muuguzi, nakaa na wagonjwa wa presha na sukari hapa Pemba. Kila mara namuona mzee anayekunywa dawa tatu za presha, anazinywa kweli, na presha haishuki. Anaongezewa ya nne. Analalaje, hapana aliyemuuliza.

Au anaulizwa, na hapo ndipo penye shida yenyewe. Unamwambia, "Babu, usingizi vipi?" Anajibu, "Alhamdulillah, nalala." Hakudanganyi. Kwa anavyojua yeye, kalala. Pumzi ikikatika hajui, akishtuka sekunde chache kuvuta hewa hajui, na asubuhi hakumbuki kitu. Anayejua ni aliyelala pembeni yake. Sasa wazee wetu wengi pembeni yao hapana mtu. Mwenzake keshatangulia mbele ya haki. Au wapo wote wawili, ila kila mmoja ana chumba chake tangu watoto walipohama. Au bibi analala na mjukuu, mtoto anasikia yote, na haulizwi.

Basi ninachokisema ni hiki: kumchunguza mzee kwa ugonjwa huu kuanze kwa kumtafuta aliyesikia usiku. Tukimuuliza mzee peke yake tutapata "Alhamdulillah" mpaka siku atakayopata kiharusi.

Kwa asiyeijua hali hii: mtu akilala, misuli ya koo inalegea. Kwa wengine inalegea kiasi kwamba ulimi unarudi nyuma na njia ya hewa inajifunga. Kifua kinahangaika, tumbo linapanda na kushuka, hewa haipiti. Oksijeni kwenye damu inashuka, ubongo unashtuka, mtu anavuta pumzi kwa kishindo, njia inafunguka, anarudi usingizini na mambo yanaanza upya. Pumzi ikikatika sekunde 10 au zaidi inahesabiwa, na wanahesabu pia zile nyakati ambazo hewa inapungua sana bila kukatika kabisa. Zikifika 5 kwa saa ugonjwa upo. Zikifika 15 ni wa kati, 30 na kuendelea ni mkali. Mara 30 kwa saa maana yake ni kila dakika mbili, usiku kucha, na kila mara mwili unamwaga homoni za kushtuka na mishipa inabana. Presha ya mtu huyo itashukaje?

Ipo na aina ya pili. Koo liko wazi, ila ubongo wenyewe unachelewa kutoa amri ya kupumua. Hii huonekana zaidi kwa wenye moyo uliochoka na waliowahi kupata kiharusi, na inaweza isiwe na mkoromo hata kidogo. Kwa hiyo "babu hakoromi" haitoshi kutufanya tufunge faili.

Dodoso linalotumika sana linaitwa STOP-Bang. Lilitoka Toronto, Kanada, mwaka 2008, kwa Frances Chung na wenzake, na walilitengeneza kwa wagonjwa wanaosubiri upasuaji. Lina maswali 8, ndiyo au hapana: unakoroma kwa nguvu, unachoka mchana, kuna aliyekuona ukiacha kupumua, una presha, unene umefika kiwango kikubwa (BMI, yaani uzito ukilinganishwa na urefu, zaidi ya 35), umri umepita 50, shingo imepita sentimita 40, na wewe ni mwanamume. Ukipata 0 hadi 2 hatari ni ndogo, 3 na 4 ni ya kati, 5 kwenda juu ni kubwa.

Lipelekeni hilo kwenye kliniki ya presha ya wazee mwone. Babu wa miaka 70 anaingia mlangoni. Umri, moja. Mwanamume, mbili. Presha, tatu. Hajaulizwa neno la usingizi na keshafika hatari ya kati, yeye na kila babu aliyeko kwenye foleni nyuma yake. Upande wa pili kaingia bibi mwembamba, mjane, hana wa kumsikia. Anapata mbili, umri na presha, na anarudishwa nyumbani.

Dodoso silitupi. Shingo naipima, kwa futi ya fundi cherehani, usawa wa kongomeo, mzee akiwa amekaa wima anatazama mbele, bila kubana. Lakini yale maswali mawili, la mkoromo na la kukatika pumzi, namuuliza aliyemleta. Kama aliyemleta hakai naye, naulizia nani yuko naye usiku na tunampigia simu palepale.

Naomba mchango wenu, hasa mnaokaa na wazee.

BintiChake

Wa aleykum salaam dada. Huyo bibi mwembamba uliyemtaja ndiye mama yangu.

Mama anaamka kwenda msalani usiku mara nne, mara tano. Tumeshahangaika. Kapimwa sukari, hana. Kapewa dawa za UTI mara kadhaa, hazikusaidia. Alianguka ukumbini usiku akitoka chooni, Mungu kasaidia hakuvunjika. Mchana yuko mkekani anasinzia na tasbihi mkononi, sote tunasema "mwacheni, mtu mzima huyo".

Nimesoma uzi wako nikamwita mwanangu, ana miaka minane, ndiye anayelala na bibi yake. Nikamuuliza bibi analalaje. Kanijibu hivi: "Bibi huwa ananyamaza, mie namsukuma ndo anapumua." Nikamuuliza tangu lini. Kasema siku zote.

Sasa kuna uhusiano gani na mkojo? Na mama hana hata mwili wa kusema kanenepa.

MuuguziWete

BintiChake, maneno ya huyo mtoto yaandike kama alivyoyasema na umpelekee daktari. Hapana kwenye dodoso swali litakalokupa jibu bora kuliko hilo.

Uhusiano upo. Koo likijifunga huku kifua kinavuta kwa nguvu, shinikizo ndani ya kifua linashuka mno na vyumba vya juu vya moyo vinatanuliwa. Moyo ukitanuliwa hivyo unaona maji yamezidi mwilini, unatoa homoni ya kuziambia figo zitoe mkojo. Ndiyo maana mzee anaamka na kibofu kimejaa kweli, na yeye anadhani kilichomwamsha ni mkojo. Kwa wazee hii ni dalili inayopotea sana, kwa sababu mwanamume anaambiwa ni tezi dume na mwanamke anaambiwa ni UTI. Sisemi tezi dume haipo. Sukari nayo, moyo nao, na dawa ya kukojoza ikinywewa jioni, vyote vinaamsha. Ila na pumzi iwemo kwenye orodha.

Na unene: kwa kijana ni sababu kubwa, kwa mzee si sababu kubwa kiasi hicho. Misuli ya koo inalegea kwa umri, wengine meno yametoka na taya limebadilika. Kwa wanawake, hedhi ikishakoma ile kinga waliyokuwa nayo inapungua na wanaanza kuwakaribia wanaume. Kwa hiyo wembamba wa mama usikuzuie.

Dalili nyingine za kuziangalia kwa wazee: kichwa kuuma asubuhi, mdomo mkavu, kusahau kunakozidi, huzuni, hasira za ghafla, mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio, kuanguka. Nyingi ya hizo tunaziita uzee.

AfisaTabibu_Mkoani

Uzi mzuri. Naongeza la usingizi wa mchana, kwa sababu na hapo tunakosea kuuliza.

Kipimo kinachotumika ni cha Epworth, alikitoa Murray Johns huko Melbourne, Australia, mwaka 1991. Hali 8, kila moja unajipa 0 hadi 3 kwa uwezekano wa kusinzia, jumla 24, na ukipita 10 usingizi wako wa mchana umezidi. Tatizo ni hizo hali zenyewe: kukaa unasoma, kuangalia televisheni, kuwa ndani ya gari lililosimama kwenye foleni. Muulize mzee wa Kengeja juu ya foleni ya magari, atakuangalia tu. Wazee wengine hawasomi, wengine macho hayaoni tena. Anajibu "sifuri, sifuri", na wewe unaandika hana tatizo.

Mimi huwa nauliza kwa maisha yake. Akikaa barazani baada ya chakula cha mchana, inakuwaje? Kwenye daladala kutoka Mkoani hadi Chake? Ijumaa, khutuba ikiendelea? Mazungumzo yakiwa matamu, anasinzia katikati ya maneno? Majibu yanakuja bila kusukumwa. Lakini tahadhari kwa wenzangu wa kazi: ukishabadilisha maswali, zile namba za Epworth haziwi zako tena. Usijumlishe ukaandika "11". Andika alichokuambia.

Na Ramadhani msipime usingizi wa mchana kabisa. Mtu kaamka kula daku, kasali tarawehi, anafunga. Akisinzia adhuhuri haina maana yoyote ya ugonjwa. Ngojeni mfunguo mosi upite.

Jingine: mzee kuamka anakabwa roho si lazima koo. Moyo unaposhindwa kusukuma, maji yanapanda mapafuni akilala chali, naye anaamka hivyo hivyo. Akikwambia analala na mito mitatu na miguu imevimba, muwahisheni hospitali kwanza, habari ya dodoso baadaye.

KijanaNgambo

Mzee wangu usiku alikuwa anashtuka sana, anasema jinamizi linamkaba. Kasomewa, kapigiwa kombe, na sina neno na hilo, dua ni dua. Lakini kuna mtu alimshauri anunue valiamu duka la dawa ili "alale vizuri". Sasa analala kama gogo na asubuhi kumwamsha kwa sala ya alfajiri ni kazi. Hii vipi?

MuuguziWete

KijanaNgambo, hili ni la leo, lisingoje. Valiamu na jamaa zake zinalegeza misuli, ya koo ikiwemo, na zinauchelewesha ubongo kushtuka. Kwa mwenye apnia, huko kushtuka ndiko kunakofungua njia ya hewa. Pombe nayo ni hivyo hivyo. Mpeleke kwa daktari aeleze anatumia nini na tangu lini. Kama kaitumia muda mrefu asiikate siku moja, inapunguzwa polepole kwa usimamizi, maana kukata ghafla nako kuna hatari yake.

Wauza dawa mnaosoma hapa: mzee akija anaomba dawa ya usingizi, muulizeni anakoroma? Kuna mtu kamwambia anaacha kupumua? Akisema ndiyo, mrudisheni kwa daktari.

Maalim_74

Mwanangu muuguzi, nimesoma yote kwa makini. Mie ni mzee mwenyewe, jina langu hapa linasema umri wangu. Nina mawili.

La kwanza, msije mkaufanya uzee wote kuwa maradhi. Nilisoma kwamba jopo la Marekani linalotoa miongozo ya uchunguzi lilitazama jambo hili mwaka 2022 na likasema ushahidi wa kuwachunguza watu wazima wasio na dalili hautoshi, kama walivyosema 2017. Ikiwa wao wenye maabara za usingizi wamesita, sie tunakimbilia wapi?

La pili, mkishatuambia tunao, mtatupa nini? Mashine ninasikia ni bei ya pikipiki. Na umeme wetu mnaujua. Wa Unguja hawajasahau ile miezi mitatu ya giza ya 2009 kuingia 2010.

MuuguziWete

Maalim, shikamoo. Maswali yako ndiyo yanayotakiwa kuulizwa, nayajibu moja moja.

La kwanza tunakubaliana. Sitaki kila mzee wa shehia afungwe nyaya usiku kurekodiwa pumzi. Lile jopo lilizungumzia watu wasio na dalili, au wenye dalili ambazo hawajazitambua, na halikusema uchunguzi ni mbaya. Lilisema ushahidi haujatosha kuamua upande wowote. Ninachokihofia ni kwamba huku kwetu mzee "asiye na dalili" mara nyingi ni mzee asiyeulizwa vizuri. Presha isiyoshuka kwa dawa tatu ni dalili. Kukojoa usiku bila sababu, kuanguka, kusinzia kwenye khutuba, mjukuu anayemsukuma bibi, hizo zote ni dalili. Nawataka hao.

La pili. Mashine inaitwa CPAP, aliitoa Colin Sullivan huko Sydney mwaka 1981. Inapuliza hewa kupitia barakoa ya pua ili koo lisijifunge. Inafanya kazi hata kwa wazee: Uingereza walifanya jaribio kwa watu wa miaka 65 na zaidi, likachapishwa 2014, na waliotumia mashine usingizi wao wa mchana ulipungua kuliko wasiotumia. Sitakuficha na upande wa pili. Jaribio kubwa la mwaka 2016, la watu zaidi ya 2,700 waliokuwa tayari na maradhi ya moyo au kiharusi, halikuonyesha kwamba CPAP inazuia mashambulizi mengine ya moyo wala kiharusi. Kusinzia mchana kulipungua na hali ya maisha ikawa bora, ila moyo haukuonyesha faida, na wengi walikuwa wanaivaa saa chache tu kwa usiku. Kwa hiyo anayekuuzia mashine kwa kukuahidi kwamba hutapata kiharusi, muulize vizuri.

Bei ni kweli kubwa. Umeme ukikatika usiku mmoja, mtu anarudi kwenye hali yake ya kabla, haifanani na mgonjwa anayeishi kwa mtungi wa oksijeni. Lakini kabla ya mashine kuna mengi, na ndiyo maana nasema kujua kuna faida hata bila hela. Wapo wanaokatika pumzi wakilala chali tu. Hao wakilala ubavu wanapata nafuu kubwa, na mto mrefu nyuma ya mgongo unawazuia kugeuka. Dawa za usingizi zinaondolewa. Mwenye unene akipunguza, pumzi inapungua kukatika. Moyo uliochoka ukitibiwa, ile aina ya pili inatulia. Pua iliyoziba inatibiwa.

Na kuna upasuaji. Mzee akienda kufanyiwa henia au tezi dume, dawa za nusu kaputi na za maumivu zinalegeza koo lilelile. Daktari wa nusu kaputi akiambiwa mapema "huyu anakatika pumzi", anabadilisha dawa na anamwangalia kwa karibu zaidi akizinduka. Sentensi moja hiyo, haina gharama. Kila mwenye mzee anayesubiri upasuaji, iwe hospitali ya Abdulla Mzee au ya Mnazi Mmoja, aiseme hata asipoulizwa.

Maalim_74

Marahaba mwanangu. Hilo la upasuaji sikuwa nalijua, na nina ndugu yangu anasubiri. Nitamwambia leo baada ya Isha.

MwanaShehia

Mimi nasaidia kazi za shehia huku Micheweni. Nina wazo. Pensheni jamii, tangu ianze Aprili 2016, imewaandikisha wazee wote wa miaka 70 na kuendelea, awe aliajiriwa au alikuwa mkulima na mvuvi. Kwa hiyo orodha ya wazee tunayo, hatuanzi sifuri. Wanapokusanyika kwa shughuli za pensheni, kwa nini asiwepo mtu na mashine ya presha na futi ya shingo? Na hawa watu wa kujitolea wa Jamii ni Afya wanaingia majumbani. Wao wanaweza kumuuliza aliyeko nyumbani.

MuuguziWete

MwanaShehia, wazo lina maana, na sehemu ya pili ndiyo ninayoipenda zaidi. Kwenye mkusanyiko mzee atasema "nalala" mbele ya wenzake, na hapana mwanamke atakayesema anakoroma hadharani. Nyumbani, faragha, na binti au mjukuu yupo, utapata ukweli. Ila tusianze kuuliza kabla hatujajua tunawapeleka wapi. Kumtia mzee hofu na kumwacha nayo ni kumdhulumu. Anayekutwa na dalili apelekwe kwanza kwenye kliniki yake ya presha akiwa na karatasi, daktari amtazame moyo, dawa, tezi dume, halafu ndipo kipimo cha usiku kitafutwe.

UmmSalma

Samahani naingia na swali dogo. Tuna kile kifaa cha kubana kidole kupima oksijeni, tulikinunua wakati wa korona. Nimempima bibi mchana, 98. Si ina maana yuko salama?

MuuguziWete

UmmSalma, hapana. Mchana yuko macho, koo liko wazi, 98 ni jambo la kawaida hata kwa mwenye apnia kali. Inayosaidia ni ile inayorekodi usiku kucha, inaonyesha oksijeni inashuka na kupanda mara ngapi. Ya mara moja haionyeshi.

Na mawili juu ya kifaa hicho. Vinaweza kusoma juu kuliko ukweli kwa wenye ngozi nyeusi. Utafiti wa Marekani wa 2020 ulilionyesha hilo kwa wagonjwa wa hospitali. Na kucha yenye piko inaweza kuzuia mwanga wake, kwa hiyo tumieni kidole kisichopakwa, au cha mguu.

Ukitaka kumsaidia daktari, mrekodi kwa simu. Mwombe bibi ruhusa mchana, mwambie ni kwa ajili ya daktari, akikataa basi. Akilala, mfunike vizuri, mwache na ushungi wake, simu iwe upande wa kifua ili ionekane kinapanda na kushuka; sauti peke yake haitoshi, kwa sababu kinachotafutwa ni ule muda kifua kinahangaika na hewa haisikiki. Dakika chache baada ya usingizi kukolea, na nyingine kabla ya alfajiri. Video isiende kwenye grupu la familia. Ikishaonwa na daktari, ifuteni.

BintiChake

Nimempata mtu wa kunisaidia kumpeleka mama Jumatatu. Nimeandika: anaamka mara ngapi, alianguka lini, dawa zote anazokunywa, na maneno ya mwanangu. Kuna cha kuongeza?

MuuguziWete

Ongeza saa anayokunywa kila dawa, hasa ya kukojoza kama anayo. Na nenda na mtoto kama hana skuli siku hiyo.